Lori la dizeli likitetemeka na kugoma kuwaka: Chanzo kitafutwe wapi?

Na Mwandishi Wetu

LORI la mizigo linapozimika katikati ya safari na kugoma kuwaka tena, hasara haimpati mwenye lori peke yake. Dereva na utingo wake hulala barabarani wakilinda shehena, mwenye mzigo huchelewa sokoni, na magari mengine hulazimika kukipita gizani chombo kilichosimama, ambacho mara nyingine kimewekewa matawi ya miti tu badala ya pembetatu za tahadhari. Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, lori moja likikwama kwenye kona za Mlima Kitonga, mkoani Iringa, linatosha kuanzisha msururu mrefu wa mabasi na malori.

Hata hivyo, ni nadra kwa injini ya dizeli kufa ghafla bila kutoa taarifa. Siku kadhaa kabla ya kugoma, huanza kuchelewa kuwaka asubuhi, kutetemeka inapounguruma huku gari limesimama, kukosa nguvu mlimani au kutoa moshi usio wa kawaida. Mafundi huiita hali hiyo "kumisi", yaani silinda moja au zaidi kushindwa kufanya kazi sawasawa na nyingine.

Tatizo ni kwamba dalili hizo hupuuzwa kwa sababu gari bado linatembea. Lori likishagoma kabisa, dereva na fundi wa karibu huanza kubahatisha. Leo hubadilishwa betri, kesho pampu, keshokutwa injini hushushwa, kumbe chanzo kilikuwa mpira uliopasuka, wenye bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha fundi mwenyewe.

Makala haya yanaeleza namna injini ya dizeli inavyowaka, mambo yanayoifanya itetemeke na kugoma, na mpangilio wa uchunguzi unaoanza na vitu rahisi kabla ya kufikia vile vya gharama kubwa.

Injini isiyo na plagi za cheche

Injini ya dizeli imepewa jina la mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilipimwa mjini Augsburg mwaka 1897. Wazo lake lilikuwa kuwasha mafuta kwa joto linalotokana na kugandamiza hewa, bila cheche ya umeme.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hugandamizwa hadi kufikia sehemu moja ya kumi hivi ya ujazo wake, kisha plagi hutoa cheche. Katika injini ya dizeli, kinachogandamizwa ni hewa peke yake, na hugandamizwa mara 16 hadi 20 hivi. Mgandamizo huo huipasha hewa joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Wakati huo nozeli hupuliza dizeli ikiwa katika hali ya ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe inapokutana na joto hilo.

Kutokana na maelezo hayo, injini ya dizeli huhitaji mambo manne ili iwake. Kwanza, izungushwe kwa kasi ya kutosha. Pili, ipate dizeli safi isiyo na hewa wala maji. Tatu, dizeli hiyo ipulizwe kwa shinikizo na wakati sahihi. Nne, hewa ya kutosha iingie na igandamizwe bila kuvuja. Lori lolote linalogoma limepungukiwa na moja au zaidi kati ya mambo hayo, na kazi ya fundi ni kubaini ni lipi.

Swali la kwanza: Stata inazungusha vipi?

Kabla ya kufungua nati yoyote, dereva anapaswa kusikiliza. Ufunguo unapozungushwa, injini inaweza kuwa kimya, ikazunguka kwa uvivu, au ikazunguka kwa kasi ya kawaida lakini isiwake. Hizo ni hali tatu tofauti, na kila moja ina njia yake.

Ikiwa injini iko kimya au inazunguka kwa uvivu, tatizo liko kwenye umeme. Malori mengi makubwa hutumia umeme wa volti 24 unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Betri hizo zikiwa zimejaa na gari limepumzika, kipimo husoma zaidi ya volti 25. Kikisoma chini ya 24, betri hazina nguvu. Stata inapozungusha injini, kipimo hushuka, lakini kikishuka chini ya volti 19 hivi, ama betri zimechoka ama stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi.

Kuzunguka kwa uvivu huonekana kuwa jambo dogo, lakini kwa dizeli ni sababu tosha ya kutowaka. Hewa inayogandamizwa polepole hupata nafasi ya kuvuja kando ya pistoni na kupoteza joto lake kwenye kuta za silinda ambazo bado ni za baridi. Ndiyo maana lori linalowaka bila shida jijini Dar es Salaam linaweza kugoma alfajiri ya mwezi Julai huko Mafinga au Makambako, ambako baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili iwe nzito.

Kabla ya kununua betri mpya, vichwa vya betri visafishwe na kukazwa, na waya mnene unaounganisha betri na chesisi, pamoja na ule unaounganisha chesisi na injini, ukaguliwe. Kutu kidogo kwenye maungio hayo huzuia umeme mwingi unaohitajika na stata, ingawa taa na honi huendelea kufanya kazi kama kawaida na kumdanganya dereva kwamba umeme upo.

Aidha, upo mtindo wa kuchukua umeme wa volti 12 kutoka betri moja tu kwa ajili ya redio au chaja ya simu. Mtindo huo huifanya betri moja ipungue huku nyingine ikizidishiwa chaji, na mwisho wake zote mbili hufa kabla ya wakati. Vifaa vya volti 12 vinahitaji kifaa maalumu cha kupunguza umeme. Betri zinapobadilishwa, zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Moshi ni lugha ya injini

Ikiwa stata inazungusha vizuri lakini injini haiwaki, hatua inayofuata ni mtu mmoja kwenda kutazama bomba la moshi wakati mwenzake akiwasha.

Pasipo na moshi wowote, maana yake ni kwamba dizeli haifiki ndani ya silinda. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayaungui, ama kwa sababu ya baridi, mgandamizo hafifu, mafuta yenye maji au nozeli kupuliza kwa wakati usio sahihi.

Moshi husaidia pia wakati injini inapofanya kazi kwa kutetemeka. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, hali inayosababishwa na chujio la hewa lililoziba, mpira wa turbo uliopasuka au nozeli inayodondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Moshi wa rangi ya samawati ni wa oili ya injini inayoungua, na mara nyingi huashiria ringi za pistoni, miongozo ya valvu au turbo iliyochakaa.

Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya injini kupata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni onyo zito kuliko yote. Maji yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Maji hayagandamiziki kama hewa. Silinda ikijaa maji na stata ikaendelea kulazimishwa, mkono wa pistoni unaweza kupinda. Lori lenye dalili hiyo halipaswi kuwashwa tena hadi fundi alikague.

Ni vyema pia kuzingatia mwinuko. Lori linapotoka usawa wa bahari Dar es Salaam hadi Mbeya, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo, au yenye turbo dhaifu, hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu huko juu ingawa pwani ilionekana nzima.

Njia ya mafuta: Mahali penye kesi nyingi

Pasipo na moshi, uchunguzi uhamie kwenye njia ya mafuta, kuanzia kwenye tangi. Pamoja na udogo wa jambo lenyewe, ni muhimu kuthibitisha kwamba mafuta yapo kweli, kwani geji inaweza kudanganya na dizeli inaweza kuibwa usiku. Kwenye malori ya zamani, ikaguliwe pia waya au kifaa cha kuzimia injini. Kikiganda katika hali ya kuzima, pampu haiwezi kutoa mafuta hata stata izungushwe mchana kutwa.

Kutoka kwenye tangi, dizeli huvutwa na pampu ndogo, hupita kwenye kitenganisha maji na machujio, kisha huingia kwenye pampu kubwa ya nozeli. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba sehemu ya bomba iliyo kati ya tangi na pampu ndogo hufanya kazi kwa kuvuta. Bomba hilo likiwa na ufa, halitadondosha mafuta chini ili uvujaji uonekane. Badala yake, litavuta hewa kuingia ndani. Kwa hiyo fundi anaweza kukagua chini ya gari, akakuta pakavu, akaamini kuwa hakuna tatizo.

Hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta, injini hutetemeka, hupoteza nguvu, kisha huzimika. Hewa hugandamizika, hivyo pampu inaposukuma, badala ya mafuta kufungua nozeli, hewa hiyo hujikunja na kujikunjua kama puto. Dalili yake ya kawaida ni lori linalochelewa sana kuwaka asubuhi baada ya kulala, lakini likishawaka hufanya kazi vizuri kwa saa kadhaa. Usiku, hewa huingia kupitia ufa au orifi iliyochakaa, na mafuta hurudi taratibu kwenye tangi.

Kuna njia mbili rahisi za kuthibitisha. Ya kwanza ni kufunga kwa muda kipande cha mpira unaopenyeza mwanga kabla ya pampu, kisha kuangalia kama mafuta yanapita na mapovu. Ya pili ni kutumia dumu safi lenye dizeli safi lililowekwa juu kuliko injini, na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ndogo. Injini ikiwaka na kutulia, pampu na nozeli hazina hatia, na ugonjwa uko kati ya tangi na pampu. Kipimo hicho cha dakika chache kinaweza kuokoa gharama ya kushusha pampu isiyokuwa na tatizo.

Baada ya kuziba ufa huo au kubadilisha chujio, ni lazima hewa itolewe. Kwenye malori yenye pampu ya zamani, skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio hulegezwa, kisha pampu ya mkono husukumwa hadi mafuta yatoke bila mapovu. Skrubu hukazwa wakati mafuta bado yanatoka, si baada ya kukoma. Kazi hiyo hurudiwa kwenye pampu ya nozeli. Ikibidi, nati za mabomba ya nozeli hulegezwa kidogo na injini huzungushwa hadi mafuta yafike, ndipo zinakazwa. Kama itakavyoelezwa, hatua hii ya mwisho haifai kamwe kwa malori ya kisasa.

Maji, uchafu na mafuta yaliyochakachuliwa

Maji ni adui mwingine. Tangi linalolala likiwa karibu tupu hujaa hewa yenye unyevunyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, mahali hasa ambapo bomba la kuvutia mafuta huanzia. Hushambulia kwa kutu sehemu za pampu na nozeli, na mpakani mwa maji na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi unaoziba machujio.

Ndiyo maana kitenganisha maji kimewekewa koki chini yake. Kuifungua asubuhi kabla ya safari, hadi itoke dizeli tupu, ni kazi ya dakika moja. Kujaza tangi jioni badala ya asubuhi hupunguza nafasi ya unyevu kuingia.

Yapo pia mafuta yenye kasoro tangu yanaponunuliwa. Neno "uchakachuaji" lilivuma sana nchini Tanzania mwaka 2010, kwanza kuhusu mafuta na baadaye katika siasa za uchaguzi. Chanzo kilikuwa tofauti ya kodi. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, hivyo wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na kupata faida. Mwaka huo huo wa 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa au yasiyolipiwa kodi, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Kenya nayo ilichukua hatua inayofanana mwaka 2018 kwa kuanzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Madhara ya mafuta ya taa kwa injini hayaonekani siku ya kwanza. Injini huwaka na lori hutembea. Lakini dizeli, mbali ya kuungua, hulainisha vyuma vya pampu na nozeli vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa, ilhali mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha kidogo mno. Pampu husagika taratibu, shinikizo hushuka, na hatimaye lori hushindwa kuwaka, hasa likiwa na joto, kwa sababu mafuta yaliyopata moto huwa mepesi zaidi na huvuja ndani ya pampu iliyochakaa. Lori linalowaka vizuri asubuhi lakini likagoma baada ya kusimama kwa chakula cha mchana lina dalili hiyo.

Kutafuta silinda inayomisi

Ikiwa injini inawaka lakini inatetemeka, kazi ni kutafuta silinda isiyofanya kazi. Katika injini zenye pampu ya zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine wakati injini inaunguruma. Akilegeza ya silinda nzima, mlio hubadilika na mtetemo huongezeka. Akilegeza na pasiwe na mabadiliko yoyote, amepata silinda iliyolala.

Hapo ndipo nozeli ya silinda hiyo hutolewa na kupelekwa kupimwa. Mashine ya kupimia huonyesha kama nozeli inafunguka kwa shinikizo lililowekwa na mtengenezaji, kama inapuliza ukungu sawasawa na kama haidondoshi baada ya kufunga. Njia nyingine ya bei nafuu ni kubadilishana nozeli kati ya silinda mbili. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, itazamwe valvu, gasketi au ringi za silinda hiyo.

Kwa upande wa mgandamizo, mafundi hupima kwa geji silinda moja baada ya nyingine. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, ina ugonjwa wake yenyewe, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi katikati yake hushukiwa. Zote zikiwa chini, injini imechakaa. Dalili ya nje ni moshi mwingi unaosukumwa kutoka kwenye mfuniko wa kujazia oili. Hata hivyo, nafasi za valvu zipimwe kwanza, kwani valvu iliyobanwa mno haifungi na huvujisha mgandamizo, na kuirekebisha hakuhitaji kushusha injini.

Malori ya kisasa yana masharti yake

Malori mengi yanayoingia barabarani miaka ya karibuni hutumia mfumo unaojulikana kama komoni reli, ambapo pampu hujaza bomba moja kuu na nozeli hufunguliwa kwa amri ya kompyuta. Wakati nozeli nyingi za zamani hufunguka kwa shinikizo la kilo 200 hivi kwa kila sentimita ya mraba, katika mfumo huu shinikizo linaweza kuzidi kilo 1,600, na katika baadhi ya injini huvuka 2,000.

Mafuta yanayotoka kwa shinikizo hilo hutoboa ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini dizeli huwa imeingia ndani ya nyama na inaweza kusababisha mkono kukatwa endapo upasuaji utachelewa. Kwa sababu hiyo, kulegeza nati za nozeli injini ikiwa inafanya kazi, au kupapasa bomba kwa kidole kutafuta uvujaji, ni hatari isiyo na mzaha. Mtu aliyepatwa na jeraha hilo apelekwe hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu.

Katika malori hayo, kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka hadi shinikizo kwenye bomba kuu lifikie kiwango fulani wakati wa kuwasha. Nozeli moja tu inayorudisha mafuta mengi kwenye tangi inatosha kuzuia kiwango hicho kufikiwa, na injini nzima isiwake. Fundi huipata kwa kuelekeza mafuta ya marejesho ya kila nozeli kwenye chupa yake na kulinganisha. Sensa inayosoma mzunguko wa krenki ikifa, kompyuta haijui pistoni zilipo, na injini huzunguka bila kuwaka. Mashine ya kusoma makosa huokoa muda, lakini nayo hutaja dalili. Ikiandika kuwa shinikizo ni dogo, bado fundi anapaswa kuanza na chujio na hewa kabla ya kuilaumu pampu.

Mambo ya kuepuka barabarani

Lori likigoma, haraka huzaa makosa. Kosa la kwanza ni kung'ang'ania stata bila kupumzika. Ishikiliwe kwa sekunde 15 hivi, kisha ipewe dakika moja au mbili ipoe, la sivyo itaungua na betri zitakwisha.

La pili ni kupuliza etha au kuweka kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa ili injini ishtuke. Mvuke huo huwaka mapema na kwa nguvu kuliko dizeli, unaweza kuvunja ringi au pistoni, na kwenye injini zenye kipasha joto cha hewa unaweza kulipuka usoni mwa fundi.

La tatu ndilo linaloua. Lori lililozimika halijazi tena upepo wa breki na usukani wake huwa mzito. Upepo ukiisha, breki za springi hujifunga zenyewe, na hiyo ndiyo salama yake. Baadhi ya watu huzilegeza kwa spana ili lori livutwe. Tangu dakika hiyo, lori lenye tani nyingi mgongoni halina breki yoyote, wala injini ya kulizuia kwenye mteremko. Katika miteremko kama ya Kitonga, au ya Sekenke mkoani Singida, kitendo hicho ni sawa na kuliachia lishuke lenyewe. Magurudumu yawekewe vizuizi kwanza, na lori livutwe kwa fimbo imara na gari lenye uwezo wa kulizuia, si kwa kamba.

Pia, pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma kwa umbali unaomwezesha dereva mwingine kupunguza mwendo, na mafundi wasifanye kazi upande wa magari yanayopita.

Gharama iko wapi?

Mpangilio wa uchunguzi ulioelezwa hapa unafuata gharama: vichwa vya betri, mafuta kwenye tangi, kifaa cha kuzimia, chujio, maji, hewa, kisha nozeli, pampu, mgandamizo, na mwisho kushusha injini. Kila hatua ina kipimo chake, na hakuna kifaa kinachopaswa kubadilishwa kabla ya kipimo hicho kukihukumu.

Kwa wenye malori, funzo ni kusikiliza madereva. Dereva anayeripoti kuwa gari linachelewa kuwaka asubuhi, akaambiwa amalize safari kwanza, atajifunza kunyamaza, na ukimya wake utalipiwa na pampu au injini nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa lori la dizeli ufa huo mara nyingi ni mpira wa mafuta wenye urefu usiozidi kiganja.

Daftari moja ndani ya kabini, linaloandikwa tarehe ya kubadilisha machujio, kituo yaliponunuliwa mafuta na dalili yoyote mpya, litamsaidia fundi kuliko maelezo ya kubahatisha yanayotolewa kando ya barabara saa nane za usiku. Stakabadhi za mafuta nazo zihifadhiwe humo. Ikibainika kuwa dizeli ilichanganywa, bila stakabadhi mwenye lori hatakuwa na pa kuanzia kudai haki yake.